Goti la Kulia

Jumapili baada ya misa, sebule ya Bujiku pale Somanda ilijaa mpaka mlangoni. Watu walifuata katuni, walifuata soda, na zaidi walifuata habari za nani kaachwa na nani. Bujiku akawawashia kompyuta: mwanamke amesimama, gunia la pamba kichwani.

"Huyu simchori hatua kwa hatua," alijigamba. "Nampa mifupa, nampa uzito, naweka na mvuto wa ardhi. Kompyuta inahangaika yenyewe mpaka ijue atembeeje asianguke."

Mwanamke akaanguka puu.

"Huyo katoka kilabu kipi?" akauliza Violeth, jirani asiye na breki ya mdomo. Nyumba ikacheka.

Kunogesha mambo, Bujiku akamkaza goti la kulia lisikunjike. Kompyuta ikatafuta weee. Mwanamke akainuka, akazungusha mguu kwa nje, akashusha bega, akatupa kiuno, huyoo akaenda.

"Jamani!" Violeth akapiga makofi. "Si shangazi Wilhelmina huyo!"

Bujiku akaweka soda yake chini. Hakumwiga shangazi yake, angeweza kuapa. Goti tu lilitosha. Na goti la shangazi lisilokunjika, hakuna aliyejua lilivunjikaje kama yeye.

Miaka minne nyuma, kwenye mwinuko wa Zagayu, mkokoteni wa pamba ulisimama ng'ombe wapumue. Kazi ya Bujiku ilikuwa moja: jiwe nyuma ya gurudumu. Yeye alikuwa na simu mkononi. Mkokoteni ukarudi nyuma, ukamkuta shangazi. Watu walipomuuliza Bujiku, alisema maksai Mabala alishtuka. Wiki ileile Mabala akapelekwa kwa wachinjaji. Ng'ombe aliyevunja mtu nani amweke zizini?

"Mwangaluka!"

Shangazi Wilhelmina alikuwa mlangoni na sufuria ya viazi, akiwasalimu kwa Kisukuma. Vicheko vikakatika. Akaisogelea kompyuta, akamtazama yule mwanamke.

"Mbona mmenyamaza kama mko msibani? Chekeni! Ila gunia kaliweka vibaya. Mwenye mguu huu analisogeza upande wa mguu mzima."

Bujiku akalisogeza. Mwanamke hakuyumba tena.

"Eeh, hapo sawa. Sasa mwanangu, mtengeneze na yule mshenzi Mabala. Mpe pembe kubwa, watu wamwone aliyenivunja."

Watu wakacheka tena, wamepona. Vidole vya Bujiku vilibaki juu ya kibodi.

"Shangazi, Mabala hakushtuka."

"Unasemaje?"

"Jiwe sikuweka. Nilikuwa nachezea simu."

Kwenye kompyuta mwanamke aliendelea kutembea, mguu nje, bega chini. Wilhelmina aliweka sufuria sakafuni, akapapasa kiti, akakaa, goti lake limenyooka mbele yake.

"Mabala nilimnywesha maziwa kwa mkono wangu, mama yake alipokufa," alisema. "Siku wanamtoa zizini alisimama akaniangalia. Nikamtemea mate."