Maboya ya Shaba

Kabemba, fundi wa kuchomelea vyuma wa mtaa wa Musonoi, alitengeneza modeli ya ndege ya majini ya aina iliyopeleleza bahari kati ya vita viwili vya dunia. Mtu wa Kolwezi, mji wa migodi ya shaba, ataundaje kitu cha fahari bila shaba? Akaiwekea maboya ya shaba. Ilizama palepale ziwani Nzilo, watu wakacheka.

Modeli ya Ntambwe, aliyekuwa mwanafunzi wake, ilikuwa na maboya ya bati. Kijicho kikamkaba Kabemba. Ntambwe alipogeuka, Kabemba akalegeza kizibo cha boya la kushoto ili maji yaingie.

“Tata Kabemba,” Ntambwe akasema kwa heshima akiishusha majini, “niliandika jina yako ku bawa ya kushoto. Ni weye ulinifundisha kazi.”

Ndege ikaelea, watu wakashangilia. Kisha ikalalia kushoto, na jina la Kabemba likatangulia kuzama.