Boti Iliyokataa Kurudi

Miaka sita nilimshonea mama Jasuben sare za shule za kuuza dukani kwake, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kunipa hata pipi. Kwa hiyo siku aliponiita nyuma ya kaunta akanikabidhi boksi lenye picha ya boti nyekundu, nilijua lazima ina kasoro.

"Chukua, Odeta, kapelekee watoto," alisema. "Wateja watatu wameirudisha. Wote wanasema haisikii."

"Haisikii nini?"

"Rimoti. Inakwenda, lakini kurudi haitaki."

Ilikuwa mwaka tisini na tano, maduka ya Nyamagana, mjini Mwanza, yamejaa vitu vya kila namna, vingine hata mwenye duka hajui vinatumikaje. Nikaibeba hadi Igogo kichwani, nikiwaza jinsi mume wangu atakavyofurahi. Mimi ndivyo nilivyo. Mtu analia kazi, namletea mchezo.

Mume wangu Luhaga alikuwa na miezi minane nyumbani. Alishika usukani wa kivuko cha kwenda upande wa Sengerema kwa miaka kumi na saba, halafu siku moja likabandikwa tangazo la majina ya waliopunguzwa kazi, na jina lake lilikuwa la nne. Wa tatu alikuwa karani, wa tano mpishi wa chai. Sababu haikuandikwa. Hakuwahi kugonga gati, si mlevi, na wala hajazeeka. Tangu siku hiyo, kila tukikaa kula, anauliza swali lilelile: "Mama Winnie, waliona nini kwangu?" Mwanzoni nilimbembeleza. Baadaye nilikuwa namwongezea mboga tu ili anyamaze.

Sasa Bwana Hasham, mwenye duka la vipuri, alikuwa amenunua chombo cha kubebea mizigo kwenda Ukerewe, na alikuwa anatafuta mtu wa usukani. Alimtumia Luhaga ujumbe aje kujaribiwa, Jumatatu ya wiki ya pili, saa mbili asubuhi. Ndiyo maana nilitaka achangamke kidogo kabla ya siku hiyo. Nilitaka mume wangu arudi kuwa yule wa zamani, aliyekuwa akiingia ndani huku anapiga mluzi.

Boksi lilifunguliwa mezani na familia nzima ikainama. Kijitabu cha maelekezo kilikuwa cha Kichina mwanzo hadi mwisho. Winnie, mwenye miaka kumi na minne, alisema tufuate picha. Nestory, mwenye miaka tisa, alitaka kuiweka majini palepale, kwenye ndoo ya maji ya kunywa. Rimoti ilitaka betri nane na boti sita, basi tukanyang'anya betri za redio na tochi, nyingine tukazianika juani kutwa nzima. Luhaga akapaka grisi pale mhimili wa pangaboi unapotokea, maji yasiingie. Akatuonyesha vijiti viwili vya rimoti. Cha kushoto ni cha kwenda na kusimama. Cha kulia ni usukani, ukikisukuma kulia boti inakata kulia, ukikisukuma kushoto inakata kushoto.

Tukaijaribu kwenye karai la kufulia. Ilizunguka kama nzi kwenye glasi, lakini ilizunguka vizuri. Luhaga akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu lile tangazo.

Jumapili, baada ya misa, tukashuka nayo ziwani, kwenye yale mawe ya Igogo ambako jirani yetu Paskazia hukaanga mapanki, yale mabaki ya sangara yanayotoka viwandani. Watu wakajaa. Luhaga akasimama juu ya jiwe, kifua mbele, antena ya rimoti ikimeremeta juani. Boti ikaondoka imenyooka. Akaipitisha katikati ya mafungu mawili ya magugu maji bila kuyagusa, na watu wakapiga makofi. Kisha akaigeuza irudi.

Hapo ndipo mambo yalipochanganyika. Boti ilikuja ikivutwa kidogo kulia kwetu, kule kwenye sufuria za Paskazia. Luhaga akasukuma kijiti kushoto ili iondoke huko. Ikazidi kwenda kulia. Akasukuma kushoto zaidi, meno ameyauma, nayo ikazidi kukimbilia kulia, ikaruka jiwe dogo na kutua ndani ya beseni la samaki.

Paskazia alicheka mpaka akaketi chini. "Shemeji! Na kile kivuko ulikuwa unakileta hivihivi?"

Watu wote wakacheka. Luhaga hakucheka.

Wiki nzima nyumbani kwetu ikawa ni mjadala wa boti. Winnie alisema ni antena. Nestory alisema boti inaogopa watu. Luhaga akaifungua, akageuza nyaya za mashine ya usukani, hii huku na ile kule, tukashuka tena ziwani. Safari hii boti ikarudi vizuri kabisa, inasikia kila kitu. Lakini ilikuwa imekataa kwenda. Kila akiipeleka mbele inakimbilia asikotaka, na ikigeuka kurudi inakuwa mtoto mwenye adabu. Tukatazamana. Alizigeuza tena nyaya kama zilivyokuwa, na boti nayo ikarudia ukaidi wake wa kwanza, kwenda inakubali na kurudi inakataa. Mimi kichwa kiliniuma. Kitu kimoja, rimoti moja, mtu mmoja, sasa kinabadilika nini huko njiani?

Ijumaa Luhaga aliirudisha boti ndani ya boksi lake na kulifunga kwa kamba.

"Nimeelewa," alisema.

"Umeelewa nini, baba Winnie?"

"Si nyaya. Ni mikono. Mikono yangu imeharibika, mimi sijioni tu. Wao waliona." Alikuwa anaitazama mikono yake mapajani. "Jumatatu siendi kwa Bwana Hasham. Siwezi kushika chombo chenye watu ndani kama hiki cha betri kinanishinda."

Nilihisi hasira, na chini ya hasira nilihisi hofu. Maana hata mimi, Mungu anisamehe, nilianza kujiuliza kama kweli kuna kitu walikiona. Nilimwambia asiseme upuuzi, lakini nilimwambia nikiwa nimempa mgongo, nachambua mchele, na yeye si mjinga.

Jumapili nikafungua ile kamba mwenyewe. "Kama ni mikono yako, basi tujaribu yangu," nikamwambia. "Mimi sijawahi kuendesha hata baiskeli."

Alinifuata hadi kwenye mawe kwa shingo upande, watoto nyuma yake. Boti nilikuwa naijaribu kwa mara ya kwanza, na kwenda ilinisumbua. Iliyumba kushoto na kulia, Paskazia akashika sufuria zake. Lakini ilifika mbali, nikaigeuza irudi, nayo ikaanza ule mchezo wake wa kukimbilia kulia.

Mimi sikufikiria kushoto wala kulia. Nilizaliwa Magu, kwa watu wa ng'ombe, na kwetu ndama niliwachunga mimi. Ndama akikutoroka humfuati nyuma. Unakimbia upande uleule anaoukimbilia, unamtangulia, naye anageuka mwenyewe. Mkono wangu ukafanya hivyohivyo. Boti ilikuwa inatorokea kulia, nikasukuma kijiti kulia. Ikarudi katikati. Ikatorokea kushoto, nikasukuma kushoto. Ikarudi tena. Ikaja taratibu mpaka kwenye vidole vyangu vya miguu, ikasimama.

Hakuna aliyepiga makofi. Luhaga alikuwa amefungua mdomo.

"Umefanyaje?" akauliza.

"Nimeizuia kama ndama."

"Hapana. Ilikuwa inakwenda kulia na wewe ukasukuma kulia. Nimeona. Umeikosesha makusudi, halafu ikapatia."

Ni Winnie aliyelitegua fumbo. Alisimama akiwa amenitazama uso kwa uso, akanyoosha mkono wake wa kulia. "Mama, huu ni mkono gani?"

"Wa kulia."

"Kwako uko upande gani?"

Ulikuwa upande wangu wa kushoto. Tukabaki tumeduwaa wote watatu, na Nestory naye akanyoosha mkono ingawa hajui kwa nini. Kumbe boti ikija inatutazama. Kulia kwake ni kushoto kwetu. Haikuwahi kukataa kitu chochote. Ilikuwa inatii kila ilichoambiwa, kwa upande wake yenyewe. Wale wateja watatu wa mama Jasuben nao hawakuwa na boti mbovu.

Luhaga akakaa kwenye jiwe. "Lakini mimi ni mtu wa usukani," alisema polepole. "Miaka kumi na saba. Inawezekanaje nisilijue hili?"

"Kwa sababu ulikuwa ndani yake," nikamwambia. "Wewe hujawahi kukiona kivuko kikikujia. Mimi nimekiona. Kila siku niliyokuletea chakula gatini nimekiona. Nilikuwa nakujua tangu mbali kwamba leo zamu ni yako."

"Kwa kofia?"

"Kofia iko wapi kwa umbali huo! Kwa mwendo. Wenzako wanaanza kukinyoosha mapema, kulekule mbali. Wewe unakiacha kinalalia upande wa mwamba ulio karibu na gati, kinakuja hivyohivyo mpaka watu wanasimama na mizigo yao, wengine wanamtaja Mungu. Halafu unakinyoosha mara moja, kinaingia gatini kimetulia. Kila siku nilikuwa nalikumbatia bakuli la chakula chako, na kila siku ulikinyoosha."

Alinitazama kama mtu anayesimuliwa habari za ndugu yake asiyemjua. "Ndivyo ninavyofanya?"

"Hujui?"

"Nitajuaje, mama Winnie? Nilikuwa nautazama upepo." Akachukua rimoti mkononi mwangu, akaipeleka boti mbali, akaigeuza. Kisha akafanya jambo lililomfanya Paskazia aweke chini mwiko wake. Akalipa ziwa mgongo. Alisimama akiwa ameelekea milimani kwetu, uso kule inakoelekea boti, akawa anaichungulia kwa juu ya bega, na mikono yake ikaileta moja kwa moja hadi kwenye jiwe.

"Haikuwa mikono," alisema.

"Haikuwa mikono."

"Sasa basi kwa nini walinipunguza?"

"Sijui," nikamwambia, na safari hii nilikuwa namtazama machoni. "Mimi sijui, na nadhani hata wao hawajui."

Jumatatu asubuhi nilipotoka kuchota maji nikakuta amekwisha kuondoka. Uji wake ulikuwa mezani haujaguswa. Kofia yake ya kazi, ile ambayo hakuwahi kupanda chombo bila kuivaa, ilikuwa imening'inia kwenye msumari. Je, alikwenda kwa Bwana Hasham, au alikwenda kukaa na wacheza drafti, akanikwepa ili asiniambie ameshindwa? Shuleni kulikuwa na likizo, basi nikawachukua watoto tukashuka kwenye mawe, jirani na gati la Bwana Hasham, nikajifanya nimekuja kununua mapanki.

Ilipofika saa tatu, chombo cha Bwana Hasham kilitoka. Rangi ilikuwa mpya, kijani na nyeupe. Kikaenda mbali, mpaka nyuma ya magugu maji, na kutoka pale hukuweza kujua ni nani aliyeshika usukani. Kikageuka.

"Mama, baba yumo?" Nestory akauliza.

"Sijui."

Kikawa kinakuja. Kilianza kulalia kulia kwetu, kule kwenye mwamba mkubwa. Kikazidi. Kidole gumba changu kikawa kinasukuma hewa kulia, chenyewe tu, sikukituma. Chombo hakikunyooka. Paskazia akainuka, mwiko mkononi. "Huyo mtu atagonga! Jamani, huyo anatugonga!" Watu waliokuwa wanafua wakasimama, mmoja akamvuta mtoto wake kwa nguo.

Mimi sikusimama. Nilikaa chini kwenye jiwe, na machozi yalikuwa yananitoka kabla hata chombo hakijaanza kunyooka.

"Yumo," nikamwambia Nestory. "Kimbia nyumbani. Chukua kofia ya baba yako msumarini, umpelekee gatini."