Warsha Isiyohesabiwa

Unaisi aliisoma barua pepe mara tatu, akiwa amesimama kwenye baraza la jengo la sayansi huku mvua ya Suva ikimrushia manyunyu miguuni. Chuo kilikuwa kimepata nafasi moja ya wiki sita katika maabara ya uvuvi huko Townsville, ng'ambo, nchini Australia. Mwanafunzi atakayechaguliwa atafundishwa kupima vinasaba vya viumbe wa majini, nauli na malazi juu ya wenyeji. Alipofika kwenye mstari uliosema "hasa wanaotafiti kaa na kamba," aliona kama aliyeiandika alikuwa anamtazama usoni.

Umri wake ulikuwa miaka thelathini na sita, na huu ulikuwa mwaka wake wa tatu wa uzamivu. Zamani alikuwa mwalimu wa sekondari. Akaacha ajira yenye pensheni ili atafute jibu la swali moja: kaa wa mikoko ya kwao, kwenye delta ya Rewa, na kaa wa ghuba ya jirani, ni ukoo mmoja au koo mbili? Kaa walikuwa wanapungua. Kwa ushauri wake, wazee wa kijiji waliweka mwiko, mtu yeyote asivue mpaka jibu lipatikane. Mwiko ulikuwa umetimiza miezi kumi na minne. Wanawake walioishi kwa kaa sasa walikuwa wakibeba mihogo kwenda sokoni, na kila Unaisi alipokwenda nyumbani, shangazi yake Salote alimuuliza kwa upole uliochoma kuliko matusi: "Mwanangu, hao kaa bado hawajakwambia kwao ni wapi?"

Sharti lilikuwa mwishoni mwa barua. Mwombaji awe ametimiza saa arobaini za warsha za kujiendeleza kitaaluma. Mwisho wa kuomba, Ijumaa ya wiki ijayo.

Unaisi hakushtuka. Warsha alizihudhuria nyingi: kuandika wasifu, kuomba ufadhili, kujieleza kwa dakika tatu. Zaidi ya hapo, kwa mihula mitatu mfululizo yeye mwenyewe alikuwa akifundisha warsha moja ya saa nne, ya namna mtafiti anavyoingia kijijini, anavyoomba ruhusa na anavyoaga. Alifundisha bure, kwa kuombwa. Lakini alipofungua mfumo, ulimwonyesha saa thelathini na sita.

Akaenda ofisi ya shahada za juu. Bwana Jagdish, mshika daftari wa warsha zote, alikuwa mtu mwema, mnene, ambaye chai yake ya maziwa haikutoka mezani tangu asubuhi.

"Bwana Jagdish, saa zangu za kufundisha sizioni."

"Hizo ni za kufundisha, dada. Zinazohesabiwa ni za kuhudhuria."

"Nikifundisha, si nimehudhuria?"

"Umehudhuria, ndiyo. Lakini si kama mhudhuriaji." Aliyasikia maneno yake mwenyewe, akainamia kikombe.

"Kwa hiyo anayesinzia nyuma ya darasa langu anapata saa nne, na mimi ninayemwamsha sipati kitu."

"Ukilisema hivyo linakuwa baya."

"Hebu liseme wewe basi, liwe zuri."

Bwana Jagdish alimgeuzia kioo cha kompyuta ili waangalie pamoja. Kabla ya Ijumaa hiyo zilibaki warsha mbili tu. Moja ilikuwa Jumanne, ya kukabiliana na msongo wa mawazo. Nyingine ilikuwa Alhamisi, na mwezeshaji wake aliandikwa jina kamili: Unaisi Tagivetaua.

Jumanne ilikuwa siku ya bamvua, siku ambayo maji hukupwa mbali na matope ya mikoko huwa wazi hadi adhuhuri. Siku kama hizo yeye huwa kwenye matope ya ghuba ya jirani na mizani yake. Safari hii aliziacha kazi zake akaenda kuketi katika chumba baridi cha semina pamoja na wenzake tisa. Walikaa nusu saa. Kisha akaingia karani mmoja na karatasi, akaibandika mlangoni. Mwezeshaji wa warsha ya msongo wa mawazo alikuwa amepewa mapumziko na daktari. Warsha imeahirishwa hadi muhula ujao.

Wengine walicheka. Unaisi aliokota mkoba wake akatoka.

Alimkuta Peceli kwenye kibanda cha chapati za roti nje ya lango. Peceli alikuwa akisomea historia, na kijiji chake na kijiji cha Unaisi ni watani tangu enzi za mababu, kwa hiyo hakuwa na ruhusa ya kumhurumia hata kama angetaka.

"Mtani, unakaa kama mtu aliyefiwa na mkwe asiyempenda," akasema. "Nani amekufa?"

Unaisi akamweleza yote. Peceli alisikiliza huku akitafuna, kisha akajipangusa vidole.

"Mganga hajigangi," akasema. "Lakini anaweza kugangwa na mwenziwe. Nipe maandishi yako. Alhamisi nafundisha mimi, wewe unaketi nyuma na wanaosinzia."

"Wewe? Watu wa kwenu hata hodi hawajui kupiga."

"Ndiyo maana nitafundisha kwa makini. Sijazoea."

Unaisi alimwandikia Bwana Jagdish kwamba Alhamisi hatafundisha, atahudhuria, na kwamba Peceli atashika nafasi yake. Jibu lilikuwa fupi: imepokelewa.

Alhamisi ilifika. Unaisi alisaini jina lake kwenye orodha ya wahudhuriaji, akakaa kiti cha mwisho, akasikiliza maneno yake mwenyewe yakitoka kwenye kinywa cha mtu mwingine. Peceli hakufundisha vibaya. Alipotea mahali pawili, akajiokoa kwa mizaha, na alipoeleza namna ya kuweka mizizi ya kava, mmea wa kinywaji cha heshima, mbele ya wazee wa kijiji, darasa zima lilikuwa macho. Hilo nalo lilimuuma Unaisi kidogo.

Kwenye saa ya tatu, msichana mmoja akanyoosha mkono. Aliitwa Ashnita, mwanafunzi wa uzamili aliyetafiti mwani, mpole, mwenye kuandika kila kitu.

"Samahani," akasema. "Je, kama umewaahidi watu jibu, na jibu likachelewa? Unawaambia nini?"

Peceli alizipekua karatasi. Jambo hilo halikuwamo. Akainua macho akamtazama Unaisi, na watu wakageuka kufuata macho yake.

"Kuna mtu humu anajua," Peceli akasema taratibu, "ila leo si mwalimu."

Unaisi alitaka kunyamaza. Alijiambia, nimekuja kuhesabiwa, sikuja kusema. Lakini alijikuta amesimama.

"Unarudi," akasema. "Usingoje mpaka uwe na jibu. Unarudi mikono mitupu, unakaa chini, unawaambia sina. Ukikwepa kijiji kwa aibu, aibu yako inakuwa deni lao." Akakaa. Uso ulimwaka moto, maana yeye mwenyewe alikuwa na wiki tisa hajakanyaga nyumbani.

Ijumaa asubuhi alifungua mfumo. Saa thelathini na sita.

Alishuka ngazi mbilimbili. Bwana Jagdish alimwona akija akaiweka chai kando.

"Dada Unaisi, nilikuwa nikupigie. Yule ndugu Peceli hakusajiliwa kuwa mwezeshaji. Usajili ni siku tano za kazi. Warsha isiyo na mwezeshaji aliyesajiliwa haipati saa."

"Nilikuandikia. Ukasema imepokelewa."

"Ilipokelewa. Haikuidhinishwa."

"Tulikuwa watu ishirini na wawili mle ndani, Bwana Jagdish. Tumekaa saa nne. Hizo saa zimekwenda wapi?"

"Zitaingia usajili wake ukikamilika, Ijumaa ijayo."

"Na nafasi inafungwa leo."

"Leo saa kumi jioni," akasema kwa sauti ndogo. "Nimempigia mkuu mara mbili. Anasema akimfungulia mmoja atawafungulia wote."

Unaisi aliutazama uso ule mwema, akaona afadhali angekuwa mtu mbaya, apate wa kumfokea. Msimamizi wake wa utafiti naye aliandika barua ya kumtetea; barua ilirudishwa, kwa kuwa mfumo haupokei viambatisho kwa mwombaji ambaye hajatimiza masharti.

Baada ya wiki mbili Ashnita alimfuata maabara. Alisimama mlangoni, mkoba ameukumbatia kifuani.

"Dada, wamenichagua mimi. Nilikuwa na saa arobaini na nne. Nane kati ya hizo ni za darasa lako, nilikuja mara mbili mihula iliyopita." Kisha akasema, "Nataka kuikataa."

Unaisi aliweka chini kisu cha kupasulia. Hasira ilimpanda mpaka masikioni, na aliiacha ipite kabla ya kufungua mdomo, kwa sababu haikuwa ya huyu mtoto.

"Ukikataa itakwenda kwa mwingine. Haitakuja kwangu. Nenda."

"Mimi sina kazi na kaa, dada."

"Basi kajifunze mashine ya kupimia vinasaba. Hiyo hapo pembeni, iliyofunikwa kitambaa, ni ya aina ileile. Tangu fundi wake aondoke hakuna anayeijua. Ukirudi utanifundisha, na mwani wako utapimwa, na kaa wangu pia."

"Nitakufundisha," Ashnita akasema. "Naapa."

"Usiape. Andika kila kitu kama kawaida yako."

Jumamosi Unaisi alipanda mashua kwenda kijijini. Aliketi mkekani mbele ya wazee, akawaambia jibu halipo, na kwamba likija halitakuja kabla ya mwisho wa mwaka. Hawakumlaumu. Waliulizana kwa muda mrefu, wakarudi na uamuzi: wanawake wamesubiri vya kutosha. Mwiko unaondolewa.

Miezi kumi na mitano ya kulea kaa ikaisha kwa sentensi moja. Unaisi aliinamisha kichwa akasema asante, kama desturi inavyotaka.

Kesho yake maji yalipokupwa, wanawake waliingia matopeni na vikapu, wakicheka na kutaniana kama wasichana. Walirudi na kaa wakubwa ambao hawajaonekana kwa miaka. Shangazi Salote alipika wake kwa tui la nazi, akamwekea mpwa wake sahani iliyojaa. Wakati Unaisi anakula, simu ikalia mlio wa ujumbe. Bwana Jagdish alimpa habari mbili. Kwanza, kamati imekubali kwamba saa za kufundisha sasa zitahesabiwa, kwa wanafunzi watakaosajiliwa kuanzia mwakani. Pili, anaombwa afundishe tena warsha yake muhula ujao, kwa maana wahudhuriaji wameisifu sana.

Alijibu kwa kidole kilichonata tui: "Asante, Bwana Jagdish. Sitafundisha."

"Nani huyo?" shangazi akauliza.

"Chuo. Wanataka nifanye kazi."

"Ya mshahara?"

"Hapana."

"Basi kula. Kaa anapoa."

Alikula, na kaa alikuwa mtamu, na utamu ule haukumpunguzia kitu. Baadaye alichukua chupa zake ndogo za spiriti akateremka ufukweni, akawaomba wanawake wamwonyeshe kaa mmojammoja kabla hawajafungwa kamba za kwenda sokoni. Kila kaa alimpima gamba, akamkata ncha ya mguu mmoja, akaitia chupani.

"Unatulemazia kaa, mwanangu," mama mmoja akalalamika. "Nani atanunua?"

"Ncha tu, mama. Mnunuzi hataiona."

"Na hizo unapeleka wapi?"

"Popote," Unaisi akasema, akaandika namba kwenye chupa. "Mlete mwingine."