Shetani wa Kiti cha Buluu

Naapa kwa meno yangu machache yaliyobaki: haya yote ni kweli tupu. Mengine niliyaona kwa macho, mengine nikayasikia kwa masikio, na mengine, Mungu anisamehe, niliyafanya kwa mdomo. Ukikuta humu uongo hata wa ukubwa wa punje ya ufuta, chai yangu isitiwe sukari. Anayenijua anajua kwamba hicho si kiapo cha mchezo. Mimi Lodu, dereva mstaafu wa malori, hutia sukari mpaka kijiko kinasimama chenyewe.

Ilikuwa mwaka wa pili baada ya amani kutiwa sahihi, watu wanarudi Juba kama kumbikumbi baada ya mvua. Kule mtaa wa Juba Na Bari palikuwa na kibanda cha chai cha Eseza, Mganda, sisi tukimwita Mama Kisakye. Huyo Kisakye, mwanawe, alikuwa kwa bibi yake Masaka, Uganda, anasomeshwa kwa chai hiyo hiyo tuliyokunywa. Wateja tulikaa kwenye benchi la mbao lenye vibanzi, au juu ya madumu. Kiti cha maana kilikuwa kimoja tu: cha plastiki, cha buluu, chenye mikono. Kiliazimwa kwa sherehe ya amani na hakikurudi kilikotoka. Kilikaa pembeni, kwenye kivuli cha kontena, pale upepo wa mto unapofika kwanza. Ukikaa pale unajiona waziri.

Shida ni kwamba kila nikifika, nakuta waziri mwingine kakalia.

Siku moja nilimkuta dereva wa bodaboda amejaa humo. Nikamsogelea, nikanong'ona, "Mwanangu, hapo umekaa na nani?"

"Peke yangu, Mzee."

"Unavyojiona wewe. Hicho kiti kina mwenyewe. Wa mwisho kukaa hapo aliamka asubuhi anaongea lugha ambayo hata Wazungu wa Umoja wa Mataifa walikosa mkalimani wake."

Akacheka, lakini akainuka. Mchana ule pikipiki yake ikapata pancha. Kesho yake Poni, muuza samaki, alikaa pale, na kurudi nyumbani akakuta mbuzi ametafuna kitenge chake kipya. Basi. Pancha na kitenge vikakutana, shetani akazaliwa. Mimi sikuongeza neno. Shetani akishazaliwa hahitaji kunyonyeshwa.

Nikaenda kukalia urithi wangu. Mama Kisakye akapiga ukelele mpaka mfuniko wa sufuria ukaanguka. "Mzee! Toka hapo! Unataka kufia kwangu?" Watu wote wananitazama. Ningesema nini? Nikarudi kwenye dumu langu kama mwanakondoo.

Siku nyingine alipokwenda kuchota maji nikakinyemelea, nikakaa. Kiti kilikuwa cha moto, kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi, kisha kikatoa mlio, kwaa!, chini yangu. Najua, najua, jua lilikuwa limezunguka na plastiki ni plastiki. Lakini miguu yangu haikungoja maelezo. Tangu hapo mzushi naye akawa muumini.

Ndipo akaja Lubega, fundi wa kuchomelea mageti, Mganda pia, mtu wa maneno machache na masizi mengi. Akaagiza chai, akavuta kiti cha buluu, akakaa. Benchi zima likageuka.

"Ssebo," Mama Kisakye akasema polepole, kwa heshima ya kwao, "hapo iko shetani."

Lubega akainama, akachungulia chini ya kiti. "Ameenda wapi? Mimi naona mguu nne tu."

"Usicheze. Wewe umeokoka?"

"Hapana, mama. Mimi siamini Mungu."

Poni akashika kifua. "Basi wewe ni mtu wa Shetani!"

"Huyo naye simwamini. Niliwaacha wote wawili siku moja."

Hilo la pili ndilo lililotushangaza. Kumkana Mungu tulishawahi kusikia kwa walevi. Lakini kumkana hata Shetani, aliyefanya kazi nyingi hivi mjini kwetu?

"Sasa malaria inaletwa na nani?" Poni akauliza.

"Mbu."

"Na mbu anatumwa na nani?"

"Mbu ana njaa, mama. Hatumwi."

Tukawa tunawahi asubuhi ili tumuulize maswali, kama mtu aliyetoka mwezini. Anaota ndoto? Akienda matangani anafanya nini wenzake wakiomba? Akijigonga kidole kwa nyundo anamlaumu nani?

"Najilaumu mimi mwenyewe," akasema.

"Maskini," Mama Kisakye akasema, akamwongezea chai.

Asiyecheka alikuwa Lokosang, jirani yangu aliyeishi uhamishoni Uganda miaka mingi. Asubuhi moja akamuuliza, "Lubega, wewe ni mtu wa Luwero. Vita vya kule Uganda vilikukuta?"

"Vilinikuta mdogo."

"Uliyaona yaliyofanywa. Na bado unasema hakuna Shetani?"

Lubega akaweka glasi chini. "Mimi niliona mikono, Mzee. Kila mkono ulikuwa na vidole vitano, na mwenye mkono alikuwa na jina. Mmoja alisoma na kaka yangu. Nikisema alikuwa Shetani, yule mtu anarudi zake nyumbani analala vizuri."

Lokosang akaondoa utando juu ya chai yake kwa kijiko. "Na mimi aliyechoma nyumba yangu namjua jina. Tumerudi wote. Tunachota maji kwenye pampu moja. Nikisema alikuwa yeye, itabidi nifanye kitu. Nikisema alikuwa Shetani, naweza kumwambia salaam, watoto hawajambo? Sasa wewe ukiniondolea Shetani, jirani yangu nitamsalimiaje?"

Lubega akachukua glasi yake tena. "Hilo sijui," akasema. Na hakuongeza kitu, jambo ambalo mimi sijawahi kuliweza.

Wakati sisi tunafurahia mazungumzo, shetani wangu alikuwa anakua. Wanawake wa kanisa wakaacha kunywa pale. Ikasemwa chai ya Mama Kisakye inachemka bila moto. (Hilo halikuwa langu, naapa tena.) Benchi likaanza kuwa na nafasi. Ijumaa moja akaja Romano, mwenye kiwanja, uso umekunjamana.

"Mama Kisakye, kesho ubomoe kibanda. Watu wanasema nimempangisha Shetani."

Mama Kisakye hakupiga kelele. Alianza kuosha glasi ambazo zilikuwa safi tayari. "Na Kisakye?" akasema, hakumwambia mtu yeyote.

Nikavuta dumu langu nyuma kidogo.

Lubega akamgeukia Romano. "Nani alikuambia kiti hiki kina shetani?"

"Poni."

Poni alikuwepo na beseni lake la samaki. "Mimi niliambiwa na yule wa boda!"

Wa boda alikuwa barabarani anangoja abiria. Akaitwa, akaja bado amekalia pikipiki. Mimi nilikuwa naitazama glasi yangu kama mtu anayesoma gazeti.

"Mimi?" akasema. "Aliniambia Mzee Lodu."

"Na wewe, Mzee," Lubega akauliza kwa upole, na upole huo ndio ulioniua, "nani alikuambia?"

Nilitafuta kichwani marehemu wa kumsingizia. Wote walikuwa watu wa heshima. "Shetani," nikasema. "Shetani alinipitia."

"Alipita njia gani? Mimi nimekalia kiti chake siku zote hizi, hajanipitia hata kunisalimu."

Walicheka mpaka Poni akaegemea kontena. Mama Kisakye hakucheka. Lokosang akainua mkono. "Ya jamaa, mwacheni na shetani wake. Kesho tutakunywa naye chai huyu. Mkimvua kila kitu leo, atakuja na uso gani?"

Mama Kisakye akafuta mikono kwenye kanga, akanitazama. "Sawa. Shetani mimi nimesamehe. Lakini Shetani hana matako. Mzee iko nayo. Akae."

"Nikae wapi?"

"Kwa kiti chako. Hapa mbele, barabara yote ione. Kila siku, mpaka watu yangu warudi. Na sukari hakuna."

Romano akakuna kidevu. "Akae leo na kesho. Kesho jioni akiwa bado anaongea lugha ya watu, kibanda kinabaki."

Hivyo ndivyo nilivyopata kiti nilichokitaka. Nilikaa kwa ujasiri wa simba, nikakunja nne, nikanywa chai chungu huku nikiwapungia wapita njia. Habari ilifika mpaka Gudele, pembeni ya mji. Watu walipanda basi kuja kuona mzee anayekalia Shetani, na aliyekuja kutazama aliona aibu kusimama bila kuagiza chai. Jumamosi jioni Romano akaniuliza kwa Kiarabu, kwa Kibari na kwa Kiswahili kama niko sawa. Nikamjibu kwa zote tatu. Akavuta dumu, akaagiza glasi yake, kibanda kikabaki.

Lubega sasa alikuwa anakaa kwenye dumu langu. Nikamuuliza, "Hebu sema kweli. Siku ile ya kwanza hukuogopa kabisa?"

"Niliogopa sana, Mzee."

"Shetani?"

"Nyinyi."

Nimemsomea Mama Kisakye maneno haya leo asubuhi, kabla hayajafika kwenu. Alisikiliza vizuri mpaka pale pa simba.

"Simba gani, Mzee? Si ulishika mkono ya Lubega kama bibi harusi? Chai nusu ilimwagikia suruali."

"Glasi ilikuwa ya moto."

"Na ulikuwa unaomba."

"Nilikuwa napiga mluzi."

"Mluzi ya Baba Yetu uliye mbinguni? Lubega, alikuwa anapiga mluzi huyu?"

Lubega, asiyeamini yeyote, akasema, "Aliimaliza mpaka amina. Tena mara mbili."

Mama Kisakye akanyoosha mkono, akachukua kopo la sukari lililokuwa mbele yangu, akalipeleka upande wa pili wa meza.

Haya. Niliapa mwenyewe. Nakunywa.