Chupa Mbili kwa Usiku Mmoja

Chupa mbili za dawa ya kupaka usoni zilikuwa juu ya kaunta ya duka la dawa na dada yangu alikuwa akisubiri jibu. Moja ilikuwa ya retinoli, nyingine ya asidi ya glaikoliki, zote mpya. Alitaka kujua kama zinapunguza makunyanzi. Nikamwambia zinapunguza, na hapo sikusema uongo.

Nilikuwa na miaka arobaini na tisa, yeye hamsini na mitano. Ukituona tumesimama pamoja ungeapa kinyume chake. Mimi nilizaliwa na mikunjo kwenye paji la uso, nyumbani wakaniita Bibi kabla sijaota hata jino. Yeye alikuwa Kichuna, na mama hakuchoka kusema chanda chema huvikwa pete, akimtazama yeye. Tukipita barabarani, vijana walinipa mimi shikamoo, yeye wakamuuliza mambo vipi. Niliitikia marahaba huku roho inaniuma. Dada alicheka hadi machozi, na kicheko chake hakikuwa na ubaya wowote, jambo lililonikera zaidi.

Duka la dawa lile nilikuwa nimelifanyia kazi miaka ishirini. Wanasema ujana ni moshi, ukienda haurudi. Mimi niliuuza moshi huo kwa chupa, na niliuuza kwa uangalifu. Retinoli huifanya ngozi ijivue na kuota upya. Asidi huondoa safu ya juu iliyokufa. Kila moja peke yake ni rafiki, lakini ukizipandanisha usiku mmoja kwenye ngozi isiyozizoea, unajiunguza mwenyewe. Kwa hiyo niliwagawia wateja siku: leo hii, kesho ile, keshokutwa upumzishe uso, vitamini C asubuhi, na losheni ya kukinga jua hata kukiwa na mawingu. Mteja wangu haondoki mpaka anirudishie maelezo yote kwa mdomo wake. Walinitania kwamba wamerudi darasa la kwanza.

Sasa nimseme msambazaji wa dawa. Alikuwa amefiwa na mkewe, mpole, na kila Jumanne alileta maboksi kisha akakaa dakika kumi. Kwa miaka miwili nilimwekea kiti na chai isiyo na sukari. Sikumwambia mtu yeyote nilichokuwa nakitarajia, hata dada. Jumanne ile dada alipita kunichukua, na yule bwana akainuka kitini. Kwangu hakuwahi kuinuka. Dada alipoingia nyuma kunawa mikono, yule bwana aliniinamia akauliza kwa sauti ya chini.

"Huyu mdogo wako ana mtu?"

"Ni mkubwa wangu," nikamwambia. "Kwa miaka sita."

Akacheka, akidhani namtania. Kabla hajaondoka alikuwa amemwalika dada chakula cha mchana Jumamosi. Dada alinipa habari hiyo njiani, ameushika mkono wangu kama msichana, na jioni ileile akanunua zile chupa duka jingine ili nisimpe zangu bure. Kesho yake asubuhi alikuwa mbele yangu, na kwa kuwa alizijua taratibu zangu, alianza kurudisha maelezo ambayo hata sikuwa nimempa.

"Kwa hiyo napaka zote, moja juu ya nyingine, kila usiku?"

Nilikuwa na jibu mdomoni, lile nililowapa mamia ya watu nisiowajua. Nilikitazama kile kiti.

"Ndiyo," nikasema. "Kila usiku."

Akanishukuru, akaenda zake kazini kwenye shule ya chekechea. Nilikuwa na siku nzima ya kumpigia simu. Mchana niliinua simu nikaiweka. Alhamisi nilijiambia kwamba huenda ngozi yake ni ngumu, na kwamba mtu mzima anaweza kusoma maandishi kwenye chupa. Ijumaa alfajiri alipiga yeye.

Nilimkuta amefunga mapazia. Uso ulikuwa umevimba, na ngozi ya mashavu inabanduka kama ya nyanya iliyomwagiwa maji ya moto. Kwanza nilifurahi. Furaha yenyewe ilidumu muda wa kuvua viatu mlangoni. Kisha dada akajaribu kunitabasamia, akashindwa kwa maumivu.

Jumamosi hawakwenda popote. Yule bwana alikuja nyumbani na machungwa, akamenya moja, akakaa mbele ya uso ule saa mbili nzima bila kugeuza macho. Wameoana sasa mwaka wa nane. Mimi ndiye niliyewasindikiza, na nilitabasamu kwenye kila picha.

Lakini ninachokikumbuka zaidi si arusi. Ni Ijumaa ile, kwa daktari wa ngozi, chumba cheupe chenye viti viwili. Daktari aliinusa kila chupa, akakunja uso, akasema makovu mengine huenda yasifutike. Kisha akauliza kwa ukali ni nani aliyemwelekeza kuzitumia namna ile. Niliutazama mkoba wangu. Niliwaza kazi yangu, cheti changu ukutani, jina langu mtaani.

Dada hakunitazama. Alizungumza polepole, midomo ikiwa inamuuma.

"Mdogo wangu yuko duka la dawa. Alinikataza. Ubishi wangu tu, daktari."

Ndipo nilipojua kwamba anajua. Alikuwa amejua tangu Ijumaa ile kulipokucha, pengine alisoma chupa akiwa amechelewa, na bado alinipigia mimi.

Daktari akaandika hivyo kwenye faili. Nikamwonea dada wivu tena, kwa mara ya kwanza si kwa uso wake bali kwa moyo wake, kitu ambacho nami ningeweza kuwa nacho.