Redio ya Baba Bupe

Klabu ya Herons ya pale Rockville ilikuwa na sifa moja tu ya kudumu, nayo ni kufungwa. Ilifungwa nyumbani, ikafungwa ugenini, na msimu ule wa 2006 ikafika mahali inafungwa hata na timu ambazo zenyewe zilikuwa zimekuja zikijua zitafungwa. Huu ni ule mchezo wa magongo wa kwenye barafu, kwa wasioufahamu. Wanaume wazima wanavaa viatu vya makali na kukimbiza kidude cheusi kisichozidi ukubwa wa kisosi, na anayekipata anabamizwa ukutani na wenzake. Na Dunstan, mtu wa Tukuyu, dereva teksi mstaafu wa Beltsville, aliipenda timu hiyo kwa moyo wake wote.

Sababu yenyewe ni ya kuchekesha. Teksi yake ya kwanza Marekani ilikuwa na redio iliyokwama stesheni moja, haiendi mbele wala hairudi nyuma, na stesheni hiyo ndiyo ilikuwa ikitangaza mechi za Herons. Alisikiliza kwa kukosa pa kukimbilia, kisha kwa mazoea, mwishowe ikawa ugonjwa. Kiingereza chake cha hasira chote alikiokota humo.

Kisha sukari ikampanda na kuondoka na macho yake. Tangu hapo Dunstan hakutoka tena nyumbani isipokuwa kwa daktari. Wazee wa kanisa walikuja kumchukua, akawakatalia.

"Niende nikafanye nini?" alimwambia Domina, mkewe. "Watu wakae wananiangalia, na mimi siwaoni?"

Akabaki kwenye kochi. Domina alifanya kazi ya kutunza wazee huko Rockville, akirudi jioni anamkuta pale pale alipomwacha asubuhi, mikono juu ya magoti. Kitu pekee kilichomnyanyua ni redio. Herons wakicheza, mzee alisimama, alitukana, alipiga meza mpaka chai ikamwagika, na Domina aliifuta ile chai huku akimshukuru Mungu, maana kwa muda huo mume wake alikuwa amerudi.

Basi uongozi wa Herons, kwa busara zake, ukaifuta redio.

Kosa la mtangazaji lilikuwa kusema hewani kwamba timu ni mbovu, jambo ambalo hata barafu yenyewe ilikuwa inalijua. Mwandishi wa gazeti la mtaani alipouliza kulikoni, akanyang'anywa kiti chake kwenye chumba cha waandishi. Ofisi ya habari ya klabu ikatoa tamko kwamba kuanzia sasa mashabiki wafuatilie mechi kwenye tovuti, ambako kila tukio litaandikwa kwa herufi nzuri zinazosomeka.

Domina alimsomea mumewe tamko hilo. Jumapili iliyofuata, saa ya mechi ilipofika, Dunstan aliwasha redio, akasikiliza mtu akiuza magodoro, akaizima. Hakusimama tena.

Sasa, Domina hakuwa mtu wa kukubali kirahisi. Alipiga simu ofisi ya habari ya Herons, ikamwekea muziki. Akapiga kesho yake, muziki ule ule. Alipiga akiwa kwenye basi, akipika, akimvalisha soksi bibi mmoja wa miaka tisini kazini, mpaka bibi yule akaanza kuuimba huo muziki. Jambo lililomuuma zaidi ni huku kujificha. Kwao timu ikifungwa, kiongozi haendi kujifungia ofisini. Anakuja tawini, anasimama mbele ya wanachama, anazomewa kama mtu mzima, kisha anakunywa soda na kuondoka. Timu gani hii inafungwa halafu haina hata mtu wa kuzomewa?

Jumapili moja, baada ya ibada, akavaa koti lake zito juu ya kitenge, akanunua tiketi ya kiti cha juu kabisa, karibu na paa, akampigia mumewe simu. Wikiendi dakika za simu zilikuwa za bure.

"Baba Bupe," alisema, "niko uwanjani."

"Uwanja gani?"

"Wa Herons wako. Nyamaza, mimi ndiye redio."

Dunstan akasema, "Mama Bupe, wewe hujui chochote kuhusu huu mchezo."

"Sijui. Ila macho ninayo. Wewe utanieleza ninachokiona."

Na hivyo ndivyo walivyoanza. Domina alikuwa amekua akisikiliza mpira kwenye redio ya baba yake, basi akatangaza vile vile, kwa sauti ile ya mtu anayekimbia huku amebeba habari.

"Wetu wamevaa kijivu, wanashambulia kutoka kushoto kwenda kulia kwa redio yako. Kuna kirefu kimoja kimekipata kile kidude, kinakwenda, kinakwenda, kinateleza jamani, kinamkwepa mmoja, kimekwenda ukutani, kabanwa! Kabanwa, Baba Bupe, wamemkandamiza, yule mtu ana mama kweli? Refa anaangalia pembeni. Ameinuka. Hana fimbo. Fimbo yake iko kule, yeye yuko huku."

"Ni namba kumi na saba huyo," Dunstan alisema. "Huwa anaipoteza."

"Sasa wametoa trekta, linapiga deki barafu."

"Hiyo ni mapumziko."

"Ndilo linalocheza vizuri kuliko wote."

Dunstan alicheka. Domina alikuwa hajakisikia kicheko hicho tangu mvua za mwaka uliopita, na alilazimika kugeuza uso pembeni. Pembeni ndipo alipokutana na Lorraine.

Lorraine alikuwa mwanamke wa makamo, mwenye tiketi ya msimu, na alikuwa amevaa mfuko wa karatasi kichwani, umetobolewa matundu mawili ya macho. Domina alidhani ni kinga ya baridi. Kumbe, Lorraine alimweleza, ni aibu. Mashabiki wengi wa kule juu walivaa mifuko ili wasitambulike kuwa ni wa Herons. Alipojua Domina anampigia nani na kwa nini, Lorraine aliivua mifuko miwili, wake na wa mumewe aliyekaa kando yake, akasogea karibu, akataka kusikiliza.

"Lakini huelewi Kiswahili," Domina alimwambia.

"Hata uongozi unapoongea Kiingereza siwaelewi," alijibu Lorraine. "Wewe angalau unapiga kelele."

Jumapili zilizofuata kiti cha Domina kikawa na majirani wengi kuliko viti vya chini vya matajiri. Simu iliwekwa kwenye spika, na sauti ya Dunstan ikawa inatoka humo ikimzomea kipa. Watu hawakuelewa hata neno, ila neno moja walilishika upesi. Kila mchezaji alipobamizwa ukutani, Domina alisema kabanwa, na mstari mzima ukaitikia. Kutoka mstari ikawa safu, kutoka safu ikawa upande mzima wa uwanja. Fundi bomba wa Gaithersburg, mwalimu wa hesabu, wazee wenye mifuko ya karatasi, wote wakisimama kwa pamoja: "Kabanwa!" Wachezaji wa timu ngeni walianza kutazama juu kwa wasiwasi. Herons waliendelea kufungwa, ila sasa walikuwa wanafungwa kwa raha.

Kelele hizo ndizo zilizomleta Ethan.

Ilikuwa katikati ya kipindi cha pili, Herons wako nyuma sita kwa bila, na Domina alikuwa anaeleza jinsi kipa alivyoligeukia goli lake mwenyewe kama mtu aliyesahau ufunguo ndani. Kijana mmoja mwenye tai na kitambulisho shingoni akasimama mbele yake. Alijitambulisha kwa adabu: Ethan, ofisi ya habari ya klabu.

Domina alimtazama kuanzia viatu hadi nywele. "Yule wa muziki," alisema.

"Samahani?"

"Ninakupigia simu tangu vuli. Unaniwekea muziki. Kumbe una mdomo."

Ethan alikohoa. Alieleza kwamba hairuhusiwi kurusha habari za mchezo nje ya jengo bila kibali cha klabu. Kanuni ilikuwa nyuma ya tiketi. Ama akate simu, ama atoke.

"Mume wangu haoni," Domina alisema. "Mlikuwa na redio, mkaifuta. Mimi nimeishika kazi yenu, bure, na bado mnanifuata huku juu ya paa?"

"Kuna tovuti, mama."

"Haoni, nimekwambia."

Ethan aliangalia viatu vyake. Haya alikuwa nayo, tumpe haki yake. Kilichokosekana ni mtu wa kumruhusu kuitumia. "Mimi situngi kanuni," alisema taratibu.

Kwenye spika, Dunstan alikuwa amesikia yote. "Mama Bupe," sauti yake ilisema, imetulia kupita kiasi. "Muulize huyo kijana. Kanuni inakataza kutangaza nje ya jengo. Na ndani ya jengo?"

Domina akauliza. Ethan akafikiri. "Ndani mtu anaweza kuongea anavyotaka," alisema.

"Haya," ilisema simu, na laini ikakatika yenyewe.

Domina aliita jina lake, akapiga tena, haikupokelewa. Alikaa. Upande mzima ulikuwa unamzomea Ethan, mifuko ya karatasi inamrukia kichwani, lakini Domina hakufurahi. Alikuwa anamwona mume wake kwenye lile kochi, mikono juu ya magoti, na safari hii hata yeye hakuwa na la kumpelekea. Alifikiria kuondoka. Lorraine akamshika mkono, akamwambia angoje, barabara ya Beltway ina foleni. Kipindi kikaisha, trekta likapiga deki, kipindi cha tatu kikaanza, na yeye bado alikuwa amekaa vile vile, hatazami.

Ethan naye alikuwa amesimama juu ya ngazi, mikono nyuma, analinda kanuni yake. Ndipo mlango ulio nyuma yake ukafunguliwa, mtu akatoka, akanyoosha mkono hewani, ukaangukia kwenye bega la Ethan.

"Asante, kijana," mtu huyo alisema kwa Kiingereza. "Nishushe pole pole. Na kuna mpumbavu mmoja hapa wa ofisi ya habari. Unamfahamu?"

Ethan alimtazama mzee yule: koti la baridi, chini yake suruali ya kulalia yenye mistari, miguuni kandambili juu ya soksi. "Namfahamu," alisema.

"Nipeleke kwa mke wangu kwanza. Huyo baadaye."

Wakateremka wameshikana mikono, hatua kwa hatua. Nyuma yao alikuja Kipngetich, jirani wa ghorofa ya chini kule Beltsville, ameshika funguo za gari na kuhema.

"Mama, mimi sina makosa," alisema alipomfikia Domina. "Alinigongea mlango yangu na mkongojo, akasema, anza gari. Nikamuuliza, Mzee, si uvae viatu? Akaniambia tunachelewa. Hapo kwa gate hakukuwa na mtu wa kutusimamisha hata. Wameshaenda home."

Domina alisimama, akamshika mume wake kwa koti, akamketisha, akamfunga vifungo vilivyokuwa vimeruka tundu. Miezi yote hiyo wachungaji walishindwa, madaktari walishindwa, Bupe alishindwa akilia kwenye simu kutoka chuoni Ohio, na aliyefanikiwa kumtoa nyumbani ni kijana wa tai aliyemkataza kusikiliza.

Upande mzima ulikuwa umenyamaza. Dunstan aliinua kichwa, akausikia ukimya.

"Wananiangalia?" aliuliza.

Domina hakutaka kumdanganya. "Wote. Mpaka akina kipa."

"Na nguo nimevaaje?"

"Umevaa vibaya sana, Baba Bupe."

Dunstan akajiegemeza kwenye kiti, akapanua miguu yake na zile kandambili. "Waache waangalie. Sita bila, hakuna kingine cha kuangalia hapa."

Kipngetich alimtafsiria Lorraine, Lorraine akalipeleka nyuma, na kicheko kikapanda ngazi mstari kwa mstari hadi kwenye paa. Ethan alicheka pia, akajisahau. Dunstan alikisikia kicheko hicho karibu na bega lake, akakigeukia.

"Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi, bwana."

"Basi kaa. Tumekosa mtu wa kutuambia msimu mzima. Timu hii vipi?"

Ethan aliangalia kule chini, kwenye kioo cha viti vya wakubwa. Akalegeza tai, akakaa kwenye ngazi. "Timu hii," alisema, "ni mbovu."

Huyo kijana alishangiliwa kuliko mchezaji yeyote wa Herons tangu klabu iundwe. Walimvalisha mfuko wa karatasi. Domina akamsogelea mume wake mpaka mdomo ukagusa sikio lake, akaanza kutangaza, taratibu kwanza, kisha kwa kasi yake ya kawaida, na namba kumi na saba alipobamizwa ukutani, Dunstan alisimama na wenzake wote, akapiga ukelele ule kwa mara ya kwanza akiwa katikati yao. Herons walifunga bao moja dakika za mwisho. Inasemekana liligonga mgongo wa mtu.

Mechi ilipokwisha walikwenda polepole kwenye maegesho, Kipngetich mbele akitafuta gari, Dunstan ameshikilia mkono wa Domina. Upepo ulikuwa unapuliza suruali ile ya kulalia. Watu waliowapita waliwapungia, na Domina alimwambia mumewe wapungie kulia, sasa kushoto, naye alipunga. Walipofika kwenye gari hakuingia. Alisimama ameshika mlango.

"Mama Bupe," alisema, "Jumapili ijayo tunacheza na nani?"

Domina hakujua. Aligeuka akawauliza watu wote waliokuwa pale kwenye maegesho, kwa sauti yake ya redio, akalazimika kuuliza mara ya pili kwa sababu mara ya kwanza aliuliza kwa Kiswahili, huku analia.