Nukta Mbele ya Salamu

Kompyuta ya mume wangu ilipokataa kupokea kazi mpya, mkwe wangu aliifunga ndani ya shuka akaniambia anaipeleka kwa fundi ifutwe yote, ianze upya. Nilikuwa napiga pasi. Nikaisimamisha pasi, nikamwambia, "Ngoja nivae viatu, tunakwenda wote."

"Mama, jua lote hili? Ni kufuta tu."

"Ndiyo maana nakuja."

Simlaumu. Mkwe wangu anafundisha watoto wadogo, na mitihani ya kufunga shule ilikuwa imekaribia. Kila akimaliza kuandika maswali na kubonyeza kuhifadhi, mashine inamjibu kwamba diski imejaa. Alishafuta picha zake, akafuta na nyimbo zake, bado jibu likawa lilelile.

Mume wangu alikuwa mpiga chapa. Miaka thelathini na moja ofisi moja, taipureta moja, na vidole viwili vya mkono wa kulia vilivyokuwa vimepinda kidogo kwa ajili hiyo. Alipostaafu, binti yetu wa mwisho, ambaye kazi imempeleka mbali, alimtumia kompyuta. Mzee aliipenda, na kila siku walikuwa wanagombana. Alisema inameza vitu vyake. Anaandika barua, anaipa jina, anaihifadhi, akirudi baada ya chai haipo. Sisi tulicheka, na mimi nilicheka kuwashinda wote. Nilikuwa namwambia, "Mzee, umesahau kubonyeza." Yeye anaitazama mashine, anatikisa kichwa na kusema, "Du."

Hilo ndilo lilikuwa neno lake. Mvua ikinyesha bila wingu, du. Mtoto akizaliwa, du. Watoto wa mtaani walimwita Babu Du, naye akaitika bila kinyongo.

Ni miaka miwili tangu atuache. Picha zake ninazo, na koti lake liko nyuma ya mlango hadi leo. Sauti yake sina. Simu yetu ilikuwa ya kupiga na kupokea tu, na hakuna aliyefikiria kuiweka sauti ya mtu ambaye anaongea kutwa nzima. Mwanzoni nilikuwa nikifumba macho namsikia. Siku hizi maneno yake nayakumbuka, lakini anayeyasema kichwani mwangu ni mimi mwenyewe. Ndiyo maana nilikataa kompyuta ifutwe nikiwa sipo. Sikujua mna nini ndani. Nilijua tu kwamba alikaa mbele yake kila asubuhi kwa miaka mitano.

Fundi ni mwanamke wa makamo, miwani yake imeungwa kwa waya upande mmoja. Chumba chake ni kidogo, feni inazunguka kwa kusuasua, na meza imejaa matumbo ya mashine.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Huyu mgonjwa wetu ameshiba hadi hawezi kumeza."

Akaiwasha, akatazama huku na huku, akakunja uso. "Vitu ninavyoviona humu havifiki hata robo. Na bado inasema imejaa. Kuna kitu kimekaa mahali."

"Si ndiyo nikasema ifutwe," mkwe wangu akasema.

"Kwanza tujue aliyekaa ni nani," nikasema mimi.

Fundi akaniangalia, akatabasamu. "Bibi ana akili ya kifundi. Basi kuna kijiprogramu kimoja, hakina picha wala mbwembwe. Unakiita kwa jina, kinapita kila folda, hata za uvunguni, kinapima kila moja imeshika nafasi kiasi gani, kinarudi na hesabu." Akafungua dirisha jeusi, akaandika.

Mimi shule niliishia darasa la tatu. Nasoma polepole, kwa kidole. Lakini neno lenyewe lilikuwa na herufi mbili.

"Hapo umeandika nini?"

"Du. Ndiyo jina lake, Bibi."

Mkwe wangu akanitazama, nami nikamtazama. Fundi akageuka. "Mbona mnatazamana?"

"Hilo ni neno la marehemu," nikamwambia. "Mume wangu."

"Baba mkwe amekuja kujipimia mwenyewe," mkwe wangu akasema, akacheka kidogo, halafu akaacha.

Mistari ikaanza kushuka, namba kushoto, majina kulia. Fundi akasogeza uso karibu na kioo. "Haya sasa. Mnaona hizi? Majina yote haya yameanza na nukta. Kompyuta ya aina hii ikiona nukta mbele ya jina inalificha, inadhani ni mambo yake ya ndani. Ukifungua kawaida hulioni. Lakini huyu du hafichwi kitu." Akashusha sauti. "Bibi, mzee alikuwa na jambo la siri? Maana watu huweka nukta wakitaka kuficha."

Sitadanganya, niliwaza vibaya. Miaka arobaini na minne ya ndoa, halafu nukta. Nikainama nikasoma kwa kidole. Nukta, barua ya binti. Nukta, ombi la maji. Nukta, barua ya binti tena, na tena. Hapo ndipo nikamwona, amekaa mbele ya taipureta yake, na kidole chake cha pili kikishuka kabla ya vingine.

"Alikuwa anajaribu utepe," nikasema.

"Utepe gani?"

"Wa wino. Mume wangu akiweka karatasi, kabla hajaandika neno, alipiga kwanza nukta moja pembeni aone kama wino unatoka. Miaka yote ile. Hata bahasha aliianza na nukta."

Fundi akavua miwani. "Kwa hiyo kila kitu alichokipa jina..."

"Kilifichwa," mkwe wangu akamalizia. "Na sisi tukamwambia anasahau."

Fundi akafungua barua moja aliyomwandikia binti yetu, akanisomea kwa sauti: *Hii ni mara ya nne naiandika. Mama yako anasema sibonyezi. Huenda ni kweli, umri umekwenda. Naomba usimwambie kuwa nimeanza kuogopa.*

Nikamwomba aifunge. Mkwe wangu akanishika bega, sikumtazama.

"Kilichojaza diski si barua lakini," fundi akasema. "Barua hazina uzito. Ni hii ya chini. Nukta, salamu. Gigabaiti kumi na moja. Ni sauti, Bibi. Imekatika vipande sita."

Akabonyeza.

Kwanza alikohoa. Kikohozi chake, kile cha kusafisha koo kabla ya kuongea na mkubwa. Halafu: "Mwanangu, ni mimi baba yako. Barua zinapotea, basi nimeona niseme. Sisi wazima. Mama yako mzima, ananicheka." Akaendelea hivyo, habari za paa, habari za jirani, akaaga mara tatu kama kawaida yake. Kiti kikalia. Ndala zikaenda zikapotea. Halafu kimya.

Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza. Alikuwa na sauti nyembamba kuliko ile niliyokuwa nimemtungia kichwani.

"Amesahau kuzima," fundi akasema taratibu. "Mashine imeendelea kurekodi chumba mpaka nafasi ikakaribia kuisha, ikakata yenyewe. Ni saa kumi na sita. Ujumbe ni dakika mbili. Nikukatie hizo dakika mbili, Bibi, ukae nazo. Zilizobaki nifute, ni ukimya tu."

"Sawa," mkwe wangu akasema haraka. "Hapo kila mtu amepata."

"Ngojeni," nikasema. "Msiongee."

Kwa mbali, ndani ya ule ukimya, kitu kilikuwa kinakwaruza. Kinakwaruza, kinatulia, kinakwaruza.

"Nini hiyo?"

"Ufagio. Ni mimi nafagia uani." Halafu mlango, na Mzee huko nje akiniuliza jambo, na mimi nikijibu kwa mkato, kama mtu mwenye kazi zake. "Usikate hata kidogo, mwanangu."

"Mama, mitihani ni keshokutwa."

"Najua. Usikate."

Fundi akafikiri. "Naweza kuzibana zikawa ndogo, nikazihamishia kwenye flashi. Kompyuta itapata nafasi, mwalimu atatoa mitihani yake."

"Ukizibana, saa zinapungua?"

"Hapana, Bibi. Saa ni zilezile."

"Basi zibane."

Mkwe wangu alipata nafasi yake, watoto wakafanya mtihani. Barua zote amezituma kwa binti yetu, tumeziondolea nukta.

Mimi saa zangu kumi na sita sizili kwa pupa. Nasikiliza nikiwa na kazi mkononi, kidogo kidogo. Jana nilikuwa napiga pasi chumbani kwa Mzee, kompyuta inaongea na yenyewe: nzi, mlango, Mzee amerudi amekaa, magazeti yanageuzwa. Nikajisikia kutoka jikoni, sauti yangu ya miaka ile, yenye haraka: "Mzee, chakula."

"Nakuja," akasema. Karibu kabisa, hapo hapo mezani.

Kiti hakikulia. Hata siku zile hakikuwa kinalia upesi. Mtu huyu alikuwa akisema nakuja na kugeuza ukurasa. Nikaiweka pasi wima.

"Kinapoa," nikasema, na mimi wa jikoni naye akasema kwa wakati uleule, "Kinapoa."

"Du," akasema mume wangu. "Si nimesema nakuja."

Nikachomoa pasi ukutani, nikavuta kiti kingine, nikakaa kumsubiri.